Nairobi kwa Siku Nne Ukiwa na Watoto Watatu

Shule za Tanzania zilipofungwa mwezi Juni tulipanda basi dogo la asubuhi kutoka Arusha, tukavuka mpaka pale Namanga na kuingia Nairobi alasiri, mimi na mama watoto pamoja na watoto wetu wa miaka 11, 7 na 4. Tulikuwa tumejipangia siku nne za kutembea. Haya ninayoyaandika ni tathmini ya sehemu tulizozifikia, kwa jicho la mzazi anayelipa viingilio, anayebeba mtoto aliyelala na anayeulizia choo kila baada ya nusu saa.

Laiti ningeambiwa neno moja kabla ya kuondoka nyumbani, lingekuwa hili: safari ya Nairobi ukiwa na watoto hupangwa kwa kutazama ramani kwanza, na umaarufu wa sehemu ufuate baadaye. Vivutio vinavyowafaa watoto vimejikusanya pande tatu. Upande wa kusini-magharibi, Lang'ata na Karen, ndiko waliko wanyama. Upande wa kaskazini kuna Makumbusho ya Taifa na msitu wa Karura. Katikati ya jiji, karibu na stesheni ya zamani, kuna makumbusho ya reli. Kutoka upande mmoja hadi mwingine si mbali kwa kilomita, lakini kilomita za Nairobi hazihesabiki kwa rula, bali kwa saa unayotoka. Nyumba tuliyopanga kwa siku hizo ilikuwa kaskazini mwa jiji, na mwenye nyumba alituhakikishia kwa maandishi kwamba Lang'ata ni dakika ishirini tu. Kwenda asubuhi na mapema tulitumia dakika arobaini, jambo ambalo ningeweza kulisamehe. Kurudi saa kumi na moja jioni tulitumia muda unaokaribia saa mbili, mtoto wa mwisho akatapika kwenye kiti cha teksi, na fedha za kusafishia gari hazikuwamo katika bajeti yangu. Ningerudi leo, ningelala usiku mbili za kwanza Lang'ata, kisha nihamishe mabegi kwenda kaskazini.

La pili ni malipo na vitambulisho. Hifadhi za wanyama na makumbusho ya serikali hulipiwa kwa mtandao, kupitia mfumo wa serikali ya Kenya uitwao eCitizen, na mtu anayefika langoni na noti mkononi atarudishwa pembeni akatafute njia nyingine. Bei hutofautiana kwa uraia na kwa umri, kwa hiyo beba pasipoti au vitambulisho vya wakubwa na hati za watoto wote, na uziweke mahali pa kufikika, usije ukafungua mabegi yote mbele ya foleni. Sisi tulilipa usiku kabla ya kulala, na hilo lilituokoa, maana katika lango moja niliona familia nzima imesimama juani ikisubiri mtandao urudi. Tena, tangu Juni 2020 Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumia mara moja katika hifadhi zake za taifa, fukwe na misitu, zikiwamo chupa za maji za dukani. Mnunulie kila mtoto chupa ya kujaza kabla ya safari.

Tulianza na tembo, kwa sababu tembo wana saa yao. Kituo cha kulelea tembo yatima cha Sheldrick, kilichomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, hupokea wageni kwa saa moja tu kwa siku, kuanzia saa tano asubuhi hadi saa sita mchana, na ni lazima uwe umeweka nafasi mapema. Ukichelewa, umechelewa. Kituo kilianzishwa mwaka 1977 na Daphne Sheldrick kwa kumbukumbu ya mumewe David, aliyekuwa mhifadhi wa kwanza wa Tsavo Mashariki, na mama huyo aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 2018. Sifa yake kubwa ni maziwa. Kwa miaka mingi ndama wa tembo waliofiwa na mama zao walikuwa wakifa kwa kuwa maziwa ya ng'ombe hayawapatani tumboni, mpaka alipogundua baada ya majaribio mengi kwamba mafuta ya nazi ndiyo yanayokaribia mafuta yaliyomo katika maziwa ya tembo. Nilipomweleza hivyo binti yangu wa miaka 7 alifikiri kidogo, kisha akauliza kama tembo nao wanapikiwa wali wa nazi.

Wageni husimama nyuma ya kamba iliyozungushiwa uwanja wa udongo mwekundu. Kundi la wadogo hutangulia, nao hawaji kwa mwendo wa maringo tuliouzoea katika picha za tembo, wanakuja mbio, mmoja nyuma ya mwingine, masikio yamefunguka, kila mmoja akimwelekea mlezi aliyeshika chupa yake. Chupa ile ni kubwa kama ya kuwekea mafuta ya kupikia, na inakauka kabla hujamaliza kumwonyesha mtoto wako pa kutazama. Baada ya maziwa ni matope. Ndama mmoja alilala ubavu, akapiga miguu hewani, akashindwa kuinuka, akasaidiwa kwa kusukumwa na mwenzake ambaye naye aliteleza. Walio wachanga zaidi walikuwa wamefungwa blanketi mgongoni, na mlezi mmoja alieleza kwamba ndama mdogo huko porini hupata joto chini ya tumbo la mama yake, na kwamba usiku walezi hulala nao bandani kwa zamu. Zamu hizo zina sababu. Ndama akimzoea mlezi mmoja tu, siku mlezi huyo akiondoka ndama anaweza kufa kwa huzuni. Wakikua hupelekwa Tsavo na Kibwezi, wakajifunze kuishi na tembo wa porini.

Maelezo hutolewa kwa Kiingereza kwa kipaza sauti, na kila tembo hutajwa kwa jina na mahali alipookotwa. Nilijikuta nikiwatafsiria watoto kwa kunong'ona muda wote, kazi ambayo sikuilalamikia, ingawa natamani kungekuwa na karatasi ya maelezo kwa Kiswahili. Baadaye, walezi hao hao walizungumza nasi Kiswahili kizuri, wakisema ndovu pale ambapo sisi tunasema tembo. Hakuna kivuli cha kutosha, hakuna kiti, na sauti za juu haziruhusiwi, kwa hiyo mtoto wa miaka 4 anahitaji kubebwa begani. Wangu alirushiwa vumbi la mkonga usoni. Alinyamaza kwanza, akatutazama kuona kama anapaswa kulia, kisha akacheka. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo saa iliyolipa nauli ya safari nzima.

Kutoka hapo hadi kituo cha twiga ni mwendo mfupi, na hiyo ndiyo faida ya kupanga kwa ramani. Kituo hicho kilianza na kazi ya Jock na Betty Leslie-Melville katika miaka ya 1970, walipomchukua ndama wa twiga aliyeitwa Daisy kutoka shamba la Soy, magharibi mwa Kenya, wakati ambapo shamba hilo lilikuwa likigawiwa watu na twiga waliokuwamo hawana pa kwenda. Watoto wa Arusha wanamjua twiga tangu wakiwa vitandani. Ni mnyama wa taifa letu, na pembezoni mwa barabara zetu si ajabu kumwona. Nilidhani wangechoka upesi. Lakini hapa unapanda jukwaa la mbao, kichwa cha twiga kinakuwa mbele ya uso wako, na ulimi wenye urefu wa karibu sentimita 45, wenye rangi kama ya zambarau iliyoiva, unazunguka kiganja cha mtoto kuchukua punje ya chakula. Kijana wangu wa miaka 11 ndiye aliyegundua tofauti: twiga hawa wana miguu myeupe kuanzia gotini kwenda chini, kama waliovaa soksi, na mabaka yao yana kingo zilizonyooka zaidi kuliko ya twiga wetu wa Kimasai, yaliyochanikachanika kama majani. Hao ni twiga wa Rothschild, na mhudumu alifurahi mno kusikia swali likitoka kwa mtoto.

Tahadhari ni moja. Twiga aliyenyimwa chakula hupiga kichwa, na kichwa cha twiga si cha mbuzi. Msimamie mtoto upande wako, usimgeuze ampe twiga kisogo kwa ajili ya picha. Watu wengi huondoka baada ya kulisha, wakati ng'ambo ya barabara kuna njia ya kutembea msituni, iliyo tulivu, ambayo watoto waliifaidi kwa kukimbia tu baada ya kuzuiwa kelele tangu asubuhi.

Siku iliyofuata tulirejea upande huo huo kwa ajili ya njia ya miguu ya wanyama iitwayo Safari Walk, iliyo kando ya lango kuu la hifadhi. Hifadhi yenyewe ilitangazwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117, na ndiyo ya kwanza kuanzishwa nchini Kenya. Niliwahi kuizunguka kwa gari miaka iliyopita, na kumwona kifaru akila majani huku maghorofa ya jiji yakionekana nyuma yake ni jambo ambalo sijaliona penginepo. Pia kuna mahali pa kushuka na kula chakula, penye majivu ya pembe za ndovu zilizochomwa, tani 12 mwaka 1989 na tani 105 mwaka 2016, na mtoto mkubwa atakuuliza maswali ambayo ni vyema uwe umejiandaa kuyajibu. Hata hivyo, saa nne au tano ndani ya gari ni adhabu kwa mtoto wa chini ya miaka 6, hasa anayetoka mkoa wenye hifadhi kadhaa. Safari Walk inatosha: unatembea juu ya daraja la mbao, wanyama wako chini na pembeni, na ukichoka unarudi. Baadhi ya mazizi tuliyakuta kama matupu, kwa sababu mnyama amejilaza kwenye kivuli na hana habari na kiingilio chako. Fika asubuhi.

Niseme kidogo kuhusu chakula na hali ya hewa, kwa kuwa vyote viwili vilitukamata. Nairobi iko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na mwezi Juni kuna siku ambazo jua halionekani mpaka mchana. Sisi wa Arusha tulijidai tunaijua baridi, tukaishia kununua masweta mawili barabarani. Watoto waliulizia chipsi mayai kila mahali na hawakuelewa kwa nini mhudumu anawaletea chipsi kwenye sahani moja na mayai kwenye nyingine. Walichokipenda wakakisahau hicho kilikuwa smoki pasua, soseji inayochanwa katikati na kujazwa kachumbari, ambayo kijana mwenye kitoroli huiandaa kwa kasi ya kushangaza, akishika kisu kwa mkono mmoja na kupokea malipo ya simu kwa mwingine. Waambie wapunguze pilipili kabla hawajaanza, kwa sababu mikono yao haisubiri maelezo.

Siku ya tatu ilikuwa ya kaskazini. Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yako kwenye kilima ambacho kimepewa jina la makumbusho hayo, na yamekuwa hapo tangu mwaka 1930. Nje, mlangoni, ameketi Louis Leakey wa sanamu, mtafiti wa chimbuko la binadamu, akichonga shoka la mawe. Uani yuko Ahmed, mfano wa tembo wa Marsabit aliyekuwa na pembe ndefu karibu za kugusa ardhi, ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri rasmi mwaka 1970, akalindwa mchana na usiku hadi alipokufa kwa uzee mwaka 1974. Baada ya kuona ndama wenye blanketi, watoto walimzunguka Ahmed mara mbili kimya kimya. Sikuwa nimepanga mfuatano huo, lakini ningemshauri kila mzazi aufuate: yatima kwanza, Ahmed baadaye.

Ndani, chumba kinachostahili muda wenu ni kile cha chimbuko la binadamu. Mvulana wa Turkana, ambaye Kamoya Kimeu aliyaona mabaki yake ya kwanza Nariokotome mwaka 1984, aliishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita na alikufa akiwa bado mtoto. Mifupa yake imetimia kuliko ya wenzake karibu wote wa zama hizo. Kijana wangu alisimama kando ya kioo, akajipima kwa macho, akataka kujua kama na yeye alikuwa na wadogo zake. Kwa Mtanzania chumba hiki ni mwendelezo wa kile cha makumbusho ya Dar es Salaam, maana fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, alilolipata Mary Leakey kule Oldupai mwaka 1959, tunalo sisi. Mtoto aliyesoma habari hizo darasani ataona vipande viwili vya hadithi moja vikikutana. Wa miaka 4, kwa upande wake, hakuona chochote humo isipokuwa giza, na mama yake alimtoa akampeleka kwenye ukumbi wa ndege waliokaushwa, ambako walikaa kwa furaha hadi tulipowafuata.

Nina manung'uniko mawili. Shule za Kenya huwa hazijafungwa mwezi Juni, kwa hiyo kuanzia saa nne asubuhi mabasi ya wanafunzi hushusha misururu ya watoto wenye sare, na kwa muda wa saa moja hivi huwezi kukaribia kioo chochote. Ingieni mlango unapofunguliwa. Pili, bustani ya nyoka iliyo jirani, iliyofunguliwa mwaka 1961, ina tiketi ya kuunganishwa ambayo inakushawishi kuiona siku hiyo hiyo, na kichwa cha mtoto kinakuwa kimeshajaa. Tulipita haraka mbele ya koboko na swila, tukasimama kwa mamba, basi.

Mchana tulikwenda Karura, msitu wa hekta 1,041 uliomo ndani ya jiji. Ungekuwa leo ni majumba, kama Wangari Maathai na wenzake wasingesimama mbele ya wanyakuzi wa ardhi mwishoni mwa miaka ya 1990 na kupigwa kwa ajili hiyo Januari 1999. Tulikodi baiskeli kwa wakubwa wawili, mdogo akatembea. Njia zina namba kwenye vigingi, zinafagiwa, na kima wanakuangalia kutoka juu wakihesabu ndizi zako. Kosa letu lilikuwa kutaka kufika kwenye maporomoko ya maji na mapango kwa mguu na mtoto wa miaka 4 alasiri. Kwenda ni mteremko, kurudi ni mlima, na nilimbeba mgongoni njia nzima. Mwenye mtoto mdogo aridhike na viwanja vilivyo karibu na lango.

Siku ya nne basi letu liliondoka saa nane mchana, na tulihitaji mahali pa karibu pa kumalizia asubuhi. Ndipo tulipokwenda makumbusho ya reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971 karibu na stesheni ya zamani, mahali ambapo karibu tusingepafikia kwa sababu hakuna aliyetuambia habari zake. Jengo la ndani ni la picha, saa, sahani za mabehewa ya chakula na simu za upepo, na linahitaji mtoto anayeweza kusoma. Nje ndiko kwenye hazina. Mabehewa na injini za mvuke zimesimama kwenye majani, nyingine zimeota kutu, na mtoto anaruhusiwa kupanda, kushika vyuma na kuchungulia tanuri la makaa, jambo ambalo katika makumbusho mengi lingemletea mlinzi. Lipo behewa ambalo mwaka 1900, katika stesheni ya Kima, ofisa wa polisi Charles Ryall alilala humo kumvizia simba, na simba akamtangulia, akamtoa kupitia dirishani. Kisa hicho kilisimuliwa mara nne ndani ya basi.

Injini kubwa kuliko zote pale ni ya daraja la 59, aina ya Garratt, iliyotengenezwa Manchester katikati ya miaka ya 1950, yenye uzito wa tani zaidi ya 250. Injini za daraja hilo zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kijana wangu alipanda ngazi, akasoma kibao kilichokuwa ubavuni, akatuita kwa sauti ambayo siku ya tembo ingetufukuzisha: "Baba, imeandikwa Gelai! Ni ile ya kwetu!" Ilikuwa hivyo kweli, mlima Gelai wa wilaya ya Longido, umeandikwa kwa shaba kwenye injini iliyowahi kuvuta mizigo kutoka Mombasa. Tulikaa pale saa nzima zaidi ya tuliyopanga, tukalikimbilia basi kwa miguu, na kutu ya ngazi ile haijatoka kwenye suruali yake ya kijivu hadi leo, ingawa mama yake ameijaribu kwa limau, kwa chumvi na kwa sabuni ya kipande.